Figo ya maabara bado inasubiri damu

Kila baada ya miezi michache huzuka ujumbe katika makundi yetu ya WhatsApp, liwe kundi la ukoo, la msikiti au la chama cha akina mama. Ujumbe husema wazungu wameshaotesha figo katika maabara, na kwamba taabu ya dialisisi inakwisha. Aghalabu hauji peke yake. Chini yake huwa pana nambari ya simu ya mtu anayeuza "tiba ya seli shina", au picha ya chupa ya vidonge ambavyo eti hufufua figo. Bei haitajwi mpaka upige simu.

Simlaumu mgonjwa anayepiga. Mtu ambaye figo zake zimefeli hulala kwenye mashine mara mbili au tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, na asipokwenda maisha yake yamo hatarini. Yuko anayetoka kijijini alfajiri na kurudi usiku. Hata pale SHA inapolipia mashine, nauli na siku ya kazi iliyopotea ni juu yake. Jamaa hukaa kikao, shamba huuzwa, harambee huitishwa ili mtu apelekwe Nairobi au India akapandikizwe figo, na kwanza lazima apatikane ndugu wa kumpa. Ukiwa katika hali hiyo ukaambiwa figo sasa zinaota kwenye sahani, utakataaje kusikiliza?

Mimi si daktari. Lakini nimelifuatilia jambo hili kwa muda, na naona ni haki msomaji apewe habari nzima. Sehemu ya ujumbe ule ni kweli: vipande vidogo vya tishu ya figo ya binadamu vinaoteshwa maabara, na wanasayansi wanajifunza mengi kwavyo. Kinachoachwa nje ya ujumbe ni kitu kimoja, nacho ni damu.

Kifumbu ndani ya mwili

Ukimuuliza mtu figo hufanya nini, atakwambia hutengeneza mkojo. Ni kweli, lakini mkojo ni matokeo tu. Kazi yenyewe ni kuchuja damu. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma lita tano hivi za damu kwa dakika, na takriban lita moja katika hizo huenda kwenye figo mbili, ambazo kila moja ina ukubwa wa ngumi. Kwa siku nzima figo huchuja karibu lita 180 za maji kutoka kwenye damu, kisha hurudisha karibu yote mwilini na kuacha lita moja au mbili, ambazo ndizo tunazokwenda kuzimwaga msalani.

Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo, kwa wastani karibu milioni moja. Kila kichujio pamoja na kijifereji chake huitwa nefroni. Kichwani mwa nefroni pana kifundo cha mishipa ya damu myembamba mno, imejikunja kama uzi uliofumbatwa mkononi. Kifundo hicho huitwa glomerulasi.

Mama zetu wana mfano mzuri wa kitu hiki jikoni: kifumbu. Nazi iliyokunwa hutiwa maji, ikakamuliwa ndani ya kifumbu. Tui likapita, machicha yakabaki. Damu nayo huingia kwenye glomerulasi kwa nguvu ya msukumo wa moyo. Maji, chumvi na taka hupenya. Chembe za damu na protini hubaki. Tofauti ni kwamba hapa kinachobaki ndani ndicho cha thamani, nacho hurudi kwenye mzunguko.

Sasa angalia kifumbu hiki kimesukwa na nini. Kina kuta tatu. Ukuta wa ndani ni mshipa wa damu wenyewe, wenye vitundu vidogo sana. Wa katikati ni utando mwembamba. Wa nje ni seli zenye vidole virefu vilivyoshikana, ziitwazo podosaiti, ambazo zimeukumbatia mshipa. Kwa hivyo mshipa si bomba lililoletwa baadaye kuhudumia figo. Ni moja ya kuta za kichujio chenyewe. Ukiuondoa, kifumbu hakipo.

Nyama mbili zinazozungumza

Katika mimba ya binadamu, figo tunayobaki nayo huanza kujengwa mnamo wiki ya tano. Kuna mrija mdogo unaochipuza, na pembeni yake pana kifurushi cha seli laini ambazo bado hazijajua zitakuwa nini. Mrija huingia ndani ya kifurushi na kuanza kugawanyika matawi, kama mkoko unavyotoa mizizi. Kila ncha ya tawi huziita seli zilizo karibu, nazo hujikusanya na kugeuka nefroni. Kazi hii huendelea mpaka karibu wiki ya 36. Baada ya hapo hapaongezwi nefroni nyingine maishani. Idadi uliyozaliwa nayo ndiyo akiba yako, na kila mwaka hupunguka kidogo.

Tulijuaje haya, ilhali yanafanyika gizani ndani ya tumbo la mama? Hapa ndipo maabara ilipoingia, na si jana. Katika miaka ya 1950, Mmarekani Clifford Grobstein alichukua figo changa za vijusi vya panya na kuzitenganisha zile sehemu mbili, mrija na kifurushi. Kila moja ilipowekwa kwenye sahani peke yake, haikujenga figo. Alipoviweka pande mbili za kichujio chembamba, kila upande ukiwa na jirani yake, vijifereji vya figo vilianza kujitengeneza. Aliona pia kwamba kipande cha uti wa mgongo wa kijusi kinaweza kuchukua nafasi ya mrija na kuziamsha seli zile. Hivyo ikajulikana kuwa seli hupeana habari, na habari ile inaweza kuvuka kichujio.

Jaribio hilo lilifungua mlango. Kwa miongo iliyofuata, figo changa ya panya ikielea kwenye sahani yenye maji ya lishe ikawa chombo cha kawaida cha kazi. Unaweza kuitazama kwa hadubini ikitoa matawi, ukaongeza dawa hii, ukaondoa protini ile, ukaona nini kitaharibika.

Lakini watafiti waligundua kasoro. Katika sahani, vijifereji hujengeka na hata vichwa vya nefroni huanza kujitokeza, ila vichwa hivyo huwa havina mishipa ndani yake. Podosaiti zipo, zimekaa zikisubiri kukumbatia kitu ambacho hakikuja.

Kware wa Finland

Swali likawa: katika mimba ya kawaida, mishipa hiyo hutoka wapi? Je, huingia kutoka nje, ikichipuza kutoka kwenye mishipa mikubwa ya kijusi? Au seli za kuitengeneza zimo ndani ya figo tangu mwanzo?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti kutoka Finland, wakiwemo Peter Ekblom na Hannu Sariola, walifanya jambo la busara. Walichukua figo changa ya panya iliyokuwa haina mishipa, wakaipandikiza juu ya utando wenye damu ulio ndani ya yai la kware. Walimchagua kware kwa sababu seli zake zina alama ndani ya kiini inayoonekana kwa hadubini, jambo ambalo Mfaransa Nicole Le Douarin alikuwa amelionyesha mwishoni mwa miaka ya 1960. Ukiona seli, unajua papo hapo ni ya kware au ya panya. Matokeo yalikuwa wazi: glomerulasi zilipata mishipa, na mishipa hiyo ilikuwa ya kware. Ilitoka nje ikaingia.

Naam, ni kware hao hao ambao Wakenya tuliwakimbilia mnamo 2013 na 2014, tukiambiwa mayai yao yanaponya kila maradhi. Wengi walijenga vibanda na kuazima pesa, kisha soko likaanguka. Yai la kware lilikuwa na faida kwa elimu ya figo, lakini faida hiyo ilikuwa mezani pa mtafiti, haikuwa kwenye kikaango.

Hadithi haikuishia hapo. Katika miaka ya 1990, Mmarekani Dale Abrahamson na wenzake walipandikiza figo changa za panya ndani ya panya wengine, nao wakaona kwamba seli zilizokuwemo ndani ya figo ile ile tangu mwanzo zinaweza kujenga mishipa ya glomerulasi zenyewe. Kwa hivyo seli mama za mishipa zimo ndani. Zinahitaji tu mazingira yanayofaa.

Leo jibu linalokubalika ni kwamba njia zote mbili zipo. Fikiria nyumba mpya Mombasa. Bomba kubwa huletwa kutoka nje, maji yakitoka mbali huko Mzima. Lakini ndani ya kiwanja fundi anakata na kuunga mabomba yake mwenyewe, kisha siku ya siku huyaunganisha na bomba kubwa. Figo nayo hupata mishipa inayoingia kutoka nje na mingine inayoundwa papo hapo, ikaungana, na damu ikapita.

Nani huita mishipa?

Mishipa haiendi mahali ovyo. Huitwa. Mwitaji mkuu ni protini iitwayo VEGF. Podosaiti, zile seli za ukuta wa nje, huitoa protini hiyo, na seli za mishipa zikinusa harufu yake huisogelea na kuingia mahali panapostahili. Oksijeni ina mkono katika hili. Mahali ambapo hewa ni haba, seli hutoa VEGF zaidi, kana kwamba zinapiga kelele kuomba damu. Watafiti walipopunguza oksijeni inayopewa figo changa kwenye sahani, waliona seli za mishipa zikiongezeka.

Mwaka 2003, kikundi cha Susan Quaggin huko Toronto, Kanada, kilichapisha majaribio kwa panya ambayo naona kila mkunga wa hapa kwetu angependa kuyasikia. Walizima jeni ya VEGF katika podosaiti pekee. Panya waliokosa nakala zote mbili za jeni hiyo hawakujenga vichujio kamili, wakafa walipozaliwa. Waliobaki na nakala moja walizaliwa na figo, lakini baada ya wiki chache seli za mishipa kwenye glomerulasi zilivimba na kuziba, protini ikavuja kwenye mkojo.

Picha ile ya mishipa iliyovimba haikuwa ngeni kwa madaktari. Ndiyo inayoonekana katika figo za mama mjamzito mwenye presha ya ujauzito iliyofika hatua mbaya, ile ambayo ikiachwa huleta kifafa cha mimba. Mwaka huo huo wa 2003, kikundi cha Ananth Karumanchi huko Boston kilionyesha kuwa kondo la nyuma la mama mwenye tatizo hili hutoa kwa wingi protini inayoinasa VEGF kwenye damu. VEGF ikinaswa, mishipa ya figo hukosa kile inachokitegemea, hata kwa mtu mzima. Kichujio kikilegea, protini hupita.

Sasa umeelewa kwa nini muuguzi wa kliniki hukupa kikopo ukajaze mkojo kila unapokwenda, na hukupima presha hata kama unajihisi mzima. Yale matone ya mkojo yanamwambia kama kifumbu kimeanza kuvuja. Wako dada zetu wanaolikwepa jambo hilo kwa kuona ni usumbufu, au kwa sababu mume ameona nauli ya kliniki ni hasara. Presha hii haina subira. Inaweza kuchukua mama na mtoto kwa siku chache.

Kuna funzo jingine lililotokana na elimu hii. Mishipa ya figo ya mtoto tumboni hutegemea pia homoni iitwayo anjiotensini. Ziko dawa za presha zinazoizuia homoni hiyo, kama enalapril, lisinopril na losartan. Kwa mtu asiye mjamzito ni dawa nzuri sana, na nyingine huzilinda figo za wagonjwa wa sukari. Kwa mjamzito zinaweza kuharibu figo za mtoto. Mwanamke anayezitumia na anataka kushika mimba, au amegundua ameshika, amwone daktari mara moja ili abadilishiwe. Asizitupe kwa kukurupuka akakaa bila dawa, na asiendelee nazo kimyakimya.

Seli za ngozi hadi figo

Tuje sasa kwa habari inayozungushwa WhatsApp. Mwaka 2006, Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha kuwa seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa nyuma ikawa seli shina, yaani seli inayoweza kugeuka kuwa ya kiungo chochote. Mwaka 2007 ikafanyika kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza John Gurdon. Hii ilimaanisha unaweza kuchukua kipande kidogo cha ngozi ya mgonjwa na kuanza upya.

Kikundi cha Ryuichi Nishinakamura huko Kumamoto, Japani, ndicho kilichokuwa miongoni mwa vya kwanza kuzielekeza seli shina za binadamu hadi zikajenga nefroni, mwaka 2014. Mwaka 2015, Minoru Takasato na Melissa Little huko Australia walichapisha habari ya kipande chenye vijifereji, podosaiti na hata seli za mishipa ndani yake. Makundi ya Marekani yalifanya kama hayo mwaka huo huo. Vipande hivi huitwa oganoidi, maana yake kitu kinachofanana na kiungo.

Neno la kushika hapo ni "kinachofanana". Oganoidi ya figo ina ukubwa wa milimita chache. Ukiilinganisha na figo halisi, inafanana na figo ya kijusi cha miezi ya mwanzo, haifanani na ya mtu mzima, wala haina njia ya kutolea mkojo. Seli za mishipa zilizomo ni chache, hazijaungana zikawa mtandao wa kupitisha damu, na ikikaa kwenye sahani zinazidi kupungua. Wenye kuotesha oganoidi za leo wamekutana na ukuta ule ule waliokutana nao wenye figo za panya zamani: vichwa vya nefroni vitupu.

Kwa nini wasiikuze tu ikawa kubwa? Kwa sababu hewa na chakula bila mishipa husafiri masafa mafupi mno ndani ya nyama, kiasi cha sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Kipande kikizidi unene, seli za katikati hufa. Ni kama mtaa ulio mbali na bomba. Walio pembezoni watapata maji kwa ndoo, wa katikati watakauka.

Njia ya kwanza ya kutafuta suluhisho ni kukipandikiza kipande ndani ya panya hai. Mwaka 2018 watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliziweka oganoidi za binadamu chini ya ngozi ya figo ya panya, na mishipa ya panya ikaingia na kuungana nayo. Seli zikakomaa kuliko zile zilizobaki kwenye sahani. Mwaka huo huo kikundi cha Manchester, Uingereza, kilionyesha seli za binadamu zilizopandikizwa kwa panya zikijenga glomerulasi zenye damu na kuanza kuchuja.

Njia ya pili ni kuiga mkondo wa damu. Mwaka 2019, maabara ya Jennifer Lewis huko Harvard, ikishirikiana na wenzao, iliziweka oganoidi kwenye kifaa kidogo kilichochapishwa, kisha maji ya lishe yakapitishwa juu yake kwa kasi. Seli za mishipa zikahisi msuguano wa mkondo, zikaongezeka, zikaunda mtandao, na podosaiti na vijifereji vilivyo karibu nazo vikakomaa zaidi. Hapa kuna siri nzuri: mshipa hauleti chakula tu. Unazikomaza seli za jirani, na mkondo wenyewe ndio unaouambia mshipa ukue.

Iko pia njia ambayo najua itawashtua baadhi ya wasomaji wangu. Mwaka 2023, watafiti wa Guangzhou, China, walitangaza kwamba wametia seli shina za binadamu katika viinitete vya nguruwe vilivyozimwa jeni mbili za kutengeneza figo. Viinitete hivyo vilikuzwa hadi siku 28, na zaidi ya nusu ya seli za figo zile changa zilikuwa za binadamu. Lakini jeni zilizozimwa ni za nefroni, si za mishipa. Mishipa ya damu ilikuwa ya nguruwe, na mishipa ndiyo hugusana kwanza na kinga ya mwili wa mgonjwa. Hata wao tatizo ni lile lile.

Je, hakuna faida?

Ipo, na inaonekana sasa hivi. Oganoidi haiwezi kumtoa mtu kwenye mashine, lakini inaweza kuugua badala yake. Mwaka 2015 kikundi cha Benjamin Freedman kilihariri jeni ya ugonjwa wa kurithi unaojaza figo vifuko vya maji, na vifuko hivyo vikajitokeza kwenye sahani, hapo watu wakaweza kujaribu dawa bila kumdhuru mtu. Mwaka 2020, wakati wa korona, oganoidi za figo na za mishipa zilitumika kuona jinsi kirusi kinavyoingia. Dawa zenye sumu kwa figo zinaweza kubainika mapema.

Na upande wa dini? Nimeulizwa mara nyingi. Suala la kutumia viinitete vya binadamu lina mjadala wake, na mwenye kutaka hukumu awaulize wanavyuoni, si mimi. Ninachoweza kusema ni kwamba seli za njia ya Yamanaka hutoka kwa mtu aliye hai na hazihitaji kiinitete. Kuhusu kupandikizwa figo ya ndugu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah mwaka 1988 na kuruhusu upandikizaji wa viungo kwa masharti, likiwemo sharti la kutouza kiungo. Nalitaja kwa sababu wako wagonjwa wanaosubiri figo ya maabara huku ndugu yupo tayari kutoa, kikwazo kikiwa ni mtu mmoja ukooni aliyesema ni haramu bila kuuliza.

Maswali matatu

Kwa hivyo ukiletewa ujumbe wa tiba ya seli shina ya figo, muulize anayeuza maswali matatu. Kwanza: hizo seli zikiingia mwilini, mishipa ya damu ya kichujio kipya itatoka wapi? Wataalamu wa Japani, Australia na Marekani bado wanahangaika na swali hilo. Akijibu kwa wepesi, ameshakujibu. Pili: mkojo wake utapitia wapi? Tatu: ni hospitali gani iliyosajiliwa inayosimamia, na ni daktari gani wa figo atakayetia saini? Tiba iliyo bado kwenye majaribio haiuzwi kwa M-Pesa.

Na huku tukisubiri, akiba ya nefroni tuliyo nayo tuitunze. Presha na sukari ndizo zinazochakaza vifundo hivi vya mishipa kuliko kingine chochote, kwa sababu zote mbili hushambulia mshipa mdogo. Mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya figo bila kuhisi maumivu yoyote. Kupima presha ni dakika mbili. Mwenye presha au sukari aombe apimwe damu ya figo na protini ya mkojo angalau mara moja kwa mwaka. Tupunguze kumeza dawa za maumivu kama diclofenac kila siku kwa kununua dukani, na tuwe waangalifu na mizizi ambayo hatujui ndani yake mna nini.

Kinga hii huanza mapema zaidi ya tunavyodhani. Nefroni nyingi hujengwa miezi ya mwisho ya mimba, kwa hivyo mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au na uzani mdogo huwa na nefroni chache. Tangu 1988, Barry Brenner wa Marekani na wenzake walipendekeza kuwa watoto hao ndio wanaokuwa na hatari zaidi ya presha ukubwani, na ushahidi uliofuata umeiunga mkono rai hiyo. Mama mjamzito anayekula vizuri, anayelala ndani ya neti asishikwe na malaria, na anayefika kliniki, anamjengea mtoto figo zenye mishipa yake kamili, kazi ambayo hakuna maabara duniani iliyoweza kuimaliza. Ukiwa na mke, dada au jirani mwenye mimba, msaidie afike kliniki wiki hii.